Jina Lisilosomwa Redioni

Ismay Guerra alikuwa barazani akimenya mbaazi aliposikia mtu akimwita mume wake langoni.

"Ndoo! We Ndoo! Toka nje, mzee, usijifanye kiziwi!"

Mume wake alikuwa na wiki sita kaburini.

Tangu mazishi hakuna mtu aliyelitamka jina hilo pale nyumbani, na yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka katika miaka thelathini na minne ya ndoa. Lilikuwa jina la uwanjani. Mchezaji wa klabu ya mpira ya Tortuga Rovers akianguka, Hollis alikuwa akikimbia na ndoo ya maji na sifongo, tumbo mbele, na jukwaa zima likimpigia kelele: Ndoo! Ndoo! Baadaye hata muuza samaki akamwita hivyo. Ismay alikuwa akiuliza, basi mtu huyu hakuzaliwa na mama, hata aitwe kwa chombo cha kufulia?

Langoni alisimama Anselm Boodoo, nahodha wa zamani, yule aliyefunga bao la ushindi kule Kingston. Amenenepa sasa, ndevu zimeota mvi. Kwapani alikuwa na bahasha kubwa ya picha. Alimwita Tanti, yaani shangazi, kama wachezaji wote walivyomwita.

"Habari za asubuhi, Tanti! Huyo mumeo kalala mpaka saa hizi? Mwambie klabu inaandika kitabu cha historia yake, na bila yeye hatuna kitu. Sisi tulicheza tu. Anayekumbuka ni yeye."

Kwa wiki sita Ismay alikuwa ameyapanga maneno ya siku kama hii. Yalitoka mawili matatu tu.

"Mmekuja leo," alisema. "Kumbe miguu mnayo."

"Tanti?"

"Miaka ishirini na tano aliwakanda misuli, Anselm. Mkitapika, anafuta. Na hakuja hata mmoja wenu kumbeba. Hata mmoja!"

Tabasamu lilibaki usoni mwa Anselm kama kofia ambayo mtu amesahau kuivua kanisani.

"Kumbeba nani?"

Ismay alimtazama sana. Akaona kuwa hatanii. Akamfungulia lango, naye akaja kuketi barazani kabla ya kuambiwa, bahasha ikamponyoka na picha zikamwagika sakafuni: Rovers na kombe la ligi, Rovers uwanja wa ndege, Rovers Port-au-Prince. Katika kila picha, pembeni, palikuwa na mwanamume mfupi aliyeshika ndoo.

Ismay alizijua tarehe zote bila kugeuza picha. Rovers walipochukua ligi mara ya kwanza, yeye alikuwa hospitalini, mimba imetoka. Hollis aliingia alfajiri ananuka ramu, machozi ya furaha hayajamkauka, akalia tena kwa jambo lingine. Walipochukua kombe la visiwa kule Kingston, Ismay alimzika mama yake bila mume. Mara saba mabingwa wa ligi, mara mbili wa visiwa vyote. Wenzake Hollis walihesabu makombe. Ismay alihesabu sahani alizofunika mezani zikapoa.

"Lini?" Anselm aliuliza.

"Jumanne, baada ya Pasaka. Moyo."

"Na hamkumwambia mtu?"

"Ilitangazwa! Redioni, mara tatu, kabla ya habari ya mchana." Akalisema tangazo lote kwa kichwa, kwa sauti ileile ya msomaji: "Hollis Emmanuel Guerra, wa Barabara ya Mayo, fundi mstaafu wa kiwanda cha sukari, mume wa Ismay."

Katika kisiwa kile hakuna apuuzaye matangazo ya vifo. Mwiko husimama chunguni, watu husikiliza. Anselm alijishika kichwa.

"Nililisikia," alisema polepole. "Nilikuwa kwa kinyozi. Tukasema, maskini, fulani wa Mayo huyo. Kinyozi akaendelea kunyoa. Tanti, nimecheza miaka kumi na moja. Sikujua kama anaitwa Hollis. Katibu ndiye aliyeshika pasipoti zetu, na katibu naye kafa zamani."

"Miaka kumi na moja."

"Nitukane tu, tunastahili. Lakini mbona tangazo halikusema? Babu yangu, mtu wa dini kabisa, walimsoma 'anayejulikana zaidi kama Kamba'. Kila mtu husomwa hivyo. Lazima wale wa redio walisahau. Kesho nitawaendea, watanitambua!"

Kanisani Ismay alikwisha kuwaambia wote kwamba Rovers wamemtupa mume wake kama jezi iliyochanika, nao walimpa pole nyingi kwa hilo. Hapa nahodha mwenyewe alikuwa anampa mtu wa kumlaumu. Ilitosha anyamaze tu.

"Usiende," alisema. "Yule binti wa redio aliniuliza. Akasema, mama, jina la mtaani? Nikamwambia hana."

Anselm aliinua macho.

"Nilitaka nimzike mume wangu," Ismay alisema. "Ndoo alikuwa wenu, miaka yote hiyo. Nikasema angalau siku moja awe Hollis, awe wangu. Sikufikiri kuwa hamtakuja. Nilidhani mnalijua jina lake. Nikakaa kanisani nageuka nyuma kila mlango ukilia. Tulikuwa tisa."

Anselm alilia waziwazi, kama wanaume wa mpira wanavyolia. Ismay hakulia. Alimpa maji, akangoja. Kisha Anselm akatoa simu. Lazima wenzake wajue, alisema. Akaanza na kipa wao wa zamani, anayeishi Brooklyn. Sauti ya kipa ilijaa barazani, ikicheka.

"Acha uongo, Boodoo! Ndoo hafi, yule atatuzika sote."

"Kweli, kaka. Pasaka."

"Mbona sikusikia? Nani alificha?"

Anselm alifungua kinywa kumfichia. Ismay akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Ni mimi, mkewe. Mimi ndiye sikusema jina lake mnalolijua."

Upande wa pili palisikika gari likipita, na mtu akivuta pumzi.

"Nani walimbeba, Tanti?" kipa aliuliza, taratibu kabisa.

"Vijana wa kampuni ya mazishi. Wageni. Mmoja wao alikuwa mfupi kuliko wenzake, jeneza likalala upande."

Ismay alisubiri mpaka simu ikakatika yenyewe, akamrudishia Anselm.

"Mpigie anayefuata," alisema. "Na huyo nitamwambia mwenyewe."