Pweza Juu ya Antena

Mtandao wa simu ulikuwa umekatika tangu mvua zilipobomoa daraja, na kwenye zahanati ya Pande kulikuwa na mzazi aliyetoka kujifungua, anayetokwa na damu nyingi. Ilibaki redio tu. Nesi Fauzia alizungusha vifundo vya tyuna, kile kiboksi kinachooanisha redio na antena, lakini mshale wa kupimia mawimbi yanayorudi haukushuka. Mawimbi yalikuwa yanarudi ndani badala ya kwenda hospitalini Kilwa Masoko.

"Shamte! Umeichezea hii tyuna?" alimfokea mlinzi.

"Wallahi sijaigusa, nesi."

"Mwongo mkubwa we! Jana ilikuwa nzima."

Chumba cha pili mzazi aliguna, kisha akanyamaza. Kimya kile kilimtoa Fauzia mbio hadi uani kukagua waya wa antena. Akaganda. Pweza wanne wabichi walikuwa wananing'inia juu yake, wakidondosha maji ya chumvi. Aliwaanika mwenyewe asubuhi, Shamte akimshikia kigoda.

Aliwavuta wote chini, akarudi mbio, akazungusha tena. Mshale ukashuka, na Masoko wakaitika: boti inaondoka sasa hivi.

Alipotoka, Shamte alikuwa anawapangusa pweza mchanga.

"Nesi," aliuliza bila kumtazama, "safari hii tuwaanike wapi?"