Kilo za Mabula Hewani

Mvua za Elinino zilipokata barabara ya kwenda hospitali, moyo wa mume wangu Mabula ulikuwa umekwisha kumlaza hospitali mara tatu. Kila mara ilikuwa vile vile: miguu inavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, na usiku anakaa kitini kwa sababu akilala pumzi inamkatika. Daktari Donatus alituambia moyo umechoka, hausukumi damu sawasawa, na maji yanabaki mwilini. Akasema tusisubiri miguu ivimbe, maana mizani itayaona maji kabla yetu. Basi Mabula apimwe nyumbani kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya uji, na kilo zake zimfikie yeye huko huko hospitali kwa simu ya upepo. Zikipanda ghafla, ataongeza vidonge vya kutoa maji. Zikishuka mno, atapunguza.

Pale kwetu Kagongwa simu ya upepo ilikuwa dukani kwa Girish, mnunuzi wa mpunga. Yeye ndiye aliyetuazima na mizani ya magunia, ile ya kusimama juu yake, iliyong'oka gurudumu moja. Tuliiwekea kipande cha tofali, ikakaa sebuleni karibu na mtungi. Vasanti, mke wa Girish, aliifuta mwenyewe vumbi la pumba. Akaniambia nisiisogeze hata kidogo, kwamba mizani ni kama ng'ombe anayekamuliwa, hapendi kusumbuliwa.

Kila asubuhi Mabula alipanda na kaptula yake ya kaki na fulana. Mimi nasogeza kile kichuma mpaka ule mkono wa mizani utulie, halafu navaa mabuti ya mvua naenda dukani. Girish anaita, Daktari anaitika, nami nataja kilo na kumalizia "ova", yaani nimemaliza, zamu yako. Mwanzoni zilishuka vizuri. Miguu ikarudi kuwa miguu, vifundo nikaviona tena, na Mabula akalala kitandani kama watu.

Lakini mawimbi yale hayakuwa yetu peke yetu. Wafanyabiashara wa Katoro, wale wanaowauzia chakula wachimba dhahabu, walikuwa wanangoja zamu yao wamuulize Girish bei ya mchele, na wote walisikia. Kati yao alikuwamo Herman, rafiki wa Mabula wa kutaniana tangu ujana. Siku moja nimemaliza tu kutaja kilo, sauti yake ikaingia: "Mama Scolastika, hilo gunia lako linavuja wapi? Kila siku linapungua. Ova."

Dukani watu walicheka, halafu wakanyamaza, na ule ukimya ndio ulioniuma. Miaka ile mtu akikonda watu hawakuuliza anaumwa nini. Walikuwa wamekwisha kujijibu wenyewe: ukimwi. Na Mabula aliwahi kukaa machimboni, kwa hiyo jibu lilikuwa jepesi zaidi. Utani ule ulifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta amekaa anaviangalia vifundo vyake. Aliuliza tu kama na sokoni, anakouza maharage, wamesikia.

Kesho yake alisema anahisi baridi, akataka kupanda mizani na koti. Mvua ilikuwa inanyesha kweli, sikubishana naye. Kabla hajalivaa nililipima koti peke yake, nikautoa uzito wake. Hata hivyo kilo zilipanda, na siku iliyofuata zikapanda tena. Daktari aliuliza miguu ikoje, nikasema haijavimba. Akasema mizani huwahi kuliko miguu, niongeze kidonge. Nikaongeza, kwa mkono wangu huu. Dukani Girish akanipongeza, mzee ananawiri sasa, na wateja wakaitikia. Nilipompa Mabula habari hiyo alitabasamu, akameza dawa.

Dawa ikamkausha. Midomo ilipasuka, mkojo ukawa kidogo na rangi ya chai, na kila akisimama anashika ukuta. Asubuhi moja akishuka kwenye mizani alianguka kama nguo inayotoka kwenye kamba. Nilimvua koti apate hewa, na kitu kikadondoka sakafuni kwa kishindo. Lilikuwa jiwe la mizani la kilo moja, lile analopimia maharage sokoni. Mfuko wa pili ulikuwa na lingine.

Niliyaokota yote mawili, naye ananitazama.

"Sikutaka wanizike hewani, Mama Scolastika," alisema.

Nilimwita jirani yetu Paskazia akae naye, nikaenda dukani bila mabuti. Nilimwambia Daktari yote, mawe na mifuko, huku Katoro nzima inasikia, kwa sababu hapakuwa na njia ya kumwambia yeye peke yake. Kisha akasema nisimpe kidonge leo wala kesho, nimlaze miguu iwe juu, nimnyweshe uji mwepesi kidogo kidogo, na jioni nimletee habari.

"Na mwambie mzee," akasema, "mimi huku namwona kwa kilo tu. Akinificha hizo, nitakuwa namtibu mtu mwingine. Ova."

Nilimpelekea maneno yale kama yalivyo. Aliendelea kunywa uji, na siku zilivyokwenda macho yakarudi kung'aa. Alipopata nguvu alipanda mizani na kaptula na fulana, akavaa shati, akaniambia twende wote.

Girish alimpisha kitini. Mabula alikishika kile chombo cha kusemea kwa mikono miwili, akazitaja kilo zake mwenyewe, polepole, kama mtu anayetaja jina lake mbele ya wageni. Halafu akasema, "Na Herman, kama upo, gunia halijatoboka. Ni moyo, unashindwa na maji. Yakipungua ndiyo napona. Ova."

Redio ilikwaruza.

"Nipo," Herman alisema. "Basi pungua, ndugu yangu. Ova."

Tangu hapo watu wa Katoro walikuwa wanangoja kilo zipite kwanza ndipo waulize bei ya mchele. Zikipanda kidogo, Herman ndiye wa kwanza kutaka kujua dagaa wa jana nimewatia chumvi kiasi gani, maana chumvi huyashika maji mwilini. Mawe yale yalirudi sokoni kwenye maharage. Koti nalo nilichukua sindano nikalishona mifuko yote ikazibika, Mabula akiwa pale pale ananiona, na mwishoni akanishikia uzi.