Kahawa ya Wodi Mpya

Serikali ilitoa fedha za korona, na wodi mpya ya kituo cha afya cha Ngenge ikajengwa haraka: vitanda kumi, mitungi ya oksijeni, utepe mwekundu mlangoni. Kisha ikafungwa, imsubiri mgeni rasmi kutoka Bukoba. Mwezi ukapita. Watu wakazikwa migombani kwa kukosa pumzi.

Theopista, mfagiaji, alikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma. Asubuhi moja alikuta nailoni ya godoro kwenye kitanda cha kwanza imebonyea, kama mtu kaamka sasa hivi.

"Una mgeni," mlinzi Rutaihwa akamcheka. "Mpe kahawa, dada. Au kwenu hamna ustaarabu?"

Kwa mzaha, Theopista akaacha pale punje mbili za kahawa ya kutafuna, kama apewavyo mgeni. Kesho yake maganda yalikuwa sakafuni, na kitanda cha pili kimebonyea. Akarudi nyuma hadi mlangoni. Lakini ukishamkaribisha mmoja, utamnyimaje wa pili? Akaweka tena. Siku ya tisa, vilikuwa vitanda tisa.

Siku hiyo hiyo mama yake, Gaudiosa, midomo ilianza kugeuka rangi.

"Utepe haujakatwa," mganga wa kituo, Datius, alisema bila kumtazama. "Nikifungua, kazi sina."

"Na mama yangu, waitu?" Theopista akamsihi.

"Mpe maji ya moto."

Mchana, jua likiwaka, Theopista akambeba mama mgongoni akampitisha mlango wa nyuma. Kizingitini mama akamshika bega, akivitazama vitanda.

"Vestina," alisema kwa shida, "naona umelala vizuri."

Vestina, jirani yao, walikuwa wamemzika Jumamosi.

"Mbona wamejaa, mwanangu? Nani kawakaribisha?"

"Mimi, Mama. Niliwapa kahawa."

Mama akakaza mkono begani. "Mimi usinipe. Anayeitafuna humu haondoki."

Kitanda cha kumi, cha dirishani, kilikuwa hakijabonyea. Akamlaza hapo, akafungua mtungi kama alivyoona fundi akiwaonyesha manesi. Hewa ikalia. Kifua cha mama kikapanda, kikashuka. Na nailoni za vitanda tisa nazo zikapanda, zikashuka.

Alitoka mara moja tu, kuchota maji. Aliporudi mama alikuwa usingizini, midomo imerudi rangi yake. Kwenye mto, kando ya shavu lake, zilikuwa punje mbili za kahawa.

Mama akaanza kufumbua macho.

Theopista akaziokota upesi, akazitafuna yeye.