Kivuli cha Fundi kwenye Chumba cha Seva

Jumanne saa mbili asubuhi, seva ya ofisi ya kusajili vizazi ilifika asilimia themanini na tatu ya kuwekewa mfumo mpya, ikajizima, ikajiwasha, ikarudi sifuri. Ilikuwa mara ya sita. Mtaalamu, aliyeajiriwa mwezi uliopita kusimamia mitambo, alivua koti akasema tatizo ni dogo.

Fundi alimsikia kutoka upande wa pili wa ukuta, akaendelea kuchovya mkate kwenye chai. Seva ile alikuwa ameitunza miaka kumi na minne, na jina la Ajuza ni yeye aliyeipa. Kiti cha usimamizi alikingoja miaka yote hiyo, kisha Mkuu wa ofisi akampa kijana mwenye vyeti vinne na viatu visivyojua vumbi. Fundi alijua kinachomkwamisha Ajuza. Nyuma ya bati la chini aliwahi kuchomeka kadi kuukuu ambayo mfumo mpya hauitambui. Ikichomolewa, mambo yamekwisha. Hakuandika popote, na hakuna aliyemuuliza. Alimwonea Mtaalamu kijicho hata kwa namna alivyopiga chafya.

Mama Ndoo, anayefanya usafi, alikuja kumwarifu Fundi kwamba kivuli chake kimebaki chumba cha seva.

"Kimesimama ukutani, kinanyooshea kidole bati la chini," alisema. "Nimedeki kwa kukizunguka."

"Kiache," Fundi alisema.

Chini ya kiti chake sakafu ilikuwa nyeupe tupu. Wenzake walikwenda kukitazama kivuli, wakakitambua kwa funguo zilizoning'inia kiunoni. Karani wa mahudhurio aliuliza kama kisaini. Mkuu alisema hana neno nacho mradi kisizibe njia. Mtaalamu alilalamika kwamba kinamtia giza kwenye skrini, akasogeza kabati mbele ya kivuli. Mkono ukapita juu ya kabati, kidole kikashuka palepale kwenye bati. Mtaalamu hakukifuata kidole; vya ukutani hakuvisomea. Akaanza mara ya saba.

Jumatano, kwenye foleni iliyofika hadi barabarani, alisimama binti yake Fundi na mtoto wa siku tisa kifuani. Mtoto alikuwa na tundu moyoni, upasuaji ni Ijumaa, na hospitali ilitaka namba ya cheti cha kuzaliwa kwanza. Alipofika dirishani alimwita baba yake.

"Baba, wanasema mtambo umekwama. Si ule wako?"

"Si wangu tena, mwanangu."

"Na huyu naye si wako?"

Fundi alimtazama mjukuu wake, ambaye midomo yake ilikuwa na rangi ya wino. Wivu haukumtoka. Aliondoka nao hivyohivyo, mzima, akaingia chumba cha seva, akasimama kando ya kivuli chake.

"Kuna kadi nyuma ya bati la chini," alimwambia Mtaalamu. "Ichomoe."

"Hapohapo ndipo nilipokuwa naelekea, mzee wangu," alisema Mtaalamu, akainama.

Saa nane mchana Ajuza alipita themanini na tatu kama aliyesahau ugomvi, akafika mia. Namba ya kwanza ilikuwa ya mjukuu. Ijumaa alipasuliwa, Jumamosi akanyonya.

Jumatatu Mkuu alikusanya wafanyakazi, akamkabidhi Mtaalamu cheti cha tano, chenye fremu. Fundi alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma, na moyo ukamuuma zaidi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mama Ndoo alimnong'oneza.

Jioni Fundi alikwenda nyumbani bila kivuli. Kilikuwa bado ukutani, ila kidole kilikuwa kimehama kwenye bati na sasa kilielekea kiti cha Mtaalamu. Mkuu aliagiza cheti kitundikwe juu ya kivuli. Fremu ilikifunika chote, isipokuwa kidole, kilichotokeza pembeni. Kila asubuhi Mama Ndoo hufuta vumbi la fremu, kisha hukifuta kidole pia.