Gramu Kumi na Saba

Jumanne, tarehe 14 Septemba 2010, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, nililivisha boya namba arobaini na saba glovu ya sufu, nikalishusha baharini. Saa hiyohiyo mke wangu Gunnvor alikuwa amelazwa hospitalini Tromsø, Norwe, mshipa umempasukia kichwani, bado anapumua. Naamini hadi leo kwamba melini walikuwamo watu wawili waliojua. Mimi sikuwa mmoja wao.

Tulikuwa kati ya Greenland na Svalbard, pale barafu inapoteremka kutoka ncha ya dunia kama ng'ombe wanaorudi zizini, bila haraka na bila kumpisha mtu. Mimi nilikuwa baharia wa sitaha, mtu wa kamba na winchi. Shule niliiacha nina miaka kumi na minne. Lakini maboya yale niliyajua kuliko baadhi ya wenye shahada, maana kwa miaka kumi na tisa mke wangu aliyaleta mezani kila jioni pamoja na viazi.

Boya lenyewe ni bomba la kioo, refu kama mtu. Halielei juu wala halizami mpaka chini. Linashuka hadi kina lililopangiwa, mita mia nne, linakaa hapo na kuufuata mkondo popote unapokwenda, hata chini ya barafu ambako meli haifiki. Ndani lina sikio. Huku na huko tumefunga kwa nanga mitambo inayotoa mlio kwa saa maalumu, na boya linaandika saa ambayo kila mlio umelifikia. Kwa hesabu hiyo wakubwa wanajua lilipita wapi. Baada ya miaka miwili linaangusha chuma chake, linaibuka, linayatema yote kwa setilaiti.

Kazi ya Gunnvor ilikuwa kuyapima. Katika chumba cha baridi kule bandarini kulikuwa na tangi la maji ya chumvi na mizani, naye alikaa na vipande vya chuma vidogo kama dengu, anaongeza kimoja, anatoa kimoja, siku nzima, boya moja. "Gramu moja ikizidi, Hilmar," aliniambia, "anashuka mita kumi na nne. Hana breki." Akimaliza, aliandika kwenye kifuniko kwa kalamu nyeusi: *Lala salama, urudi.*

Kwa hiyo nilijua gramu chache hufanya nini. Hilo nataka lieleweke tangu mwanzo. Asubuhi ile nilifungua sanduku nikayakuta maneno yale, mwandiko wake uliolala upande kama majani yaliyopigwa na upepo, nami nilikuwa sijamwona kwa wiki tatu. Mkono ukaitangulia akili. Nilivua glovu ya kulia kati ya zile mbili nene alizonifumia, za sufu iliyochemshwa mpaka ikashikana, nikaivisha shingo ya boya na kuizungushia utepe.

Oddvar, mwenzangu wa winchi, akaangua kicheko. "Kulikoni, mzee? Mashine inaona baridi?"

"Inakwenda safari ya miaka miwili. Wewe ungeenda mikono mitupu?"

"Basi mvishe na chupi, asije akaaibika mbele ya nyangumi!"

Tulicheka sote. Boya likaingia majini likisimama wima, glovu ikapunga mara moja kwenye wimbi, kisha hapakuwa na kitu. Tukashusha mengine matatu, kila moja ndani zaidi ya barafu kuliko lililotangulia.

Saa tisa alasiri Sigmund Aaslund, profesa na mkuu wa safari, aliniita kwenye chumba cha kulia.

"Kaa, Hilmar."

"Nimezoea kusimama."

"Kuna habari za nyumbani. Gunnvor ameugua ghafla."

"Lini?"

"Asubuhi hii."

"Ita helikopta."

Akageukia dirisha, ambako ukungu ulikuwa umebandikwa kama karatasi nyeupe. "Tumeingia ndani mno. Haitufikii."

Asubuhi tulikuwa ukingoni, mbingu safi, ungeweza kuhesabu ndege. Nikamuuliza ujumbe ulifika saa ngapi. Akasema tusubiri kwanza simu ya daktari. Daktari alipiga saa kumi na mbili na robo jioni, na hapo hapakuwa tena na la kusubiri. Nilifika nyumbani siku ya nne. Dada yake Gunnvor aliniambia ofisi ya bandarini aliipigia saa moja kamili asubuhi, nao wakamwambia ujumbe tunautuma melini sasa hivi.

Niliandika barua tatu kwa ofisi hiyo, kuuliza saa ile. Ya kwanza ilijibiwa kwa rambirambi. Ya pili ilijibiwa kwamba daftari la redio limehifadhiwa. Ya tatu haikujibiwa. Nahodha niliyemfuata hadi nyumbani kwake alinimiminia kahawa, akasema niongee na mkuu wa safari, na mwaka uliofuata akafa. Mimi niliacha bahari. Watu wakaanza kunikwepa dukani, maana nilikuwa na wimbo mmoja tu.

Boya halikuibuka kwa siku yake. Lilikuwa na paa la barafu juu yake. Mtambo mmoja wa mlio ulikuwa umenyamaza muda mrefu na hakuna mkubwa aliyejisumbua kuubadilisha. Nilijisemea, limekufa kiziwi kule chini. Kisha Juni 2013 akanipigia Jorunn, aliyefanya kazi chumba kimoja na Gunnvor miaka yote na sasa ndiye mpimaji.

"Hilmar, arobaini na saba ameibuka."

Niliketi kwenye ngazi, kiatu kimoja mkononi. Lilitema habari zake siku tano, likazimika. Hakuna aliyekwenda kuliokota.

Majira ya baridi yaliyofuata Jorunn alikuja na ukurasa wa ripoti, akauweka mezani kwangu, hakuvua koti. *Boya namba 47 lilisafiri takriban mita mia mbili arobaini chini ya kina kilichokusudiwa, kutokana na kosa la upimaji.*

"Wanasemaje huko?" nikamuuliza.

"Wanasema alikuwa ameshaanza kuumwa. Kwamba kichwa hakikuwa sawa. Wanasema kwa huruma, ndiyo inayonichoma."

Siku mbili sikula kitu cha moto. Glovu ya kushoto ilikuwa ndani ya kopo la biskuti. Sikuwahi kuifua. Nikifungua kopo lile, kwa dakika moja nyumba ilikuwa na mtu: mafuta ya kondoo, kahawa, sabuni yake ya mikono. Nami niliona vizuri mtego ulivyokaa. Nikinyamaza, Gunnvor anabaki kwenye vitabu vyao kama mwanamke aliyekosea mizani. Nikisema, Aaslund anapata alichokuwa anakitafuta: yule mzee mlalamishi ndiye aliyeharibu kazi ya miaka miwili, nani atamsikiliza tena? Maisha yangu yote yaliyobaki yalikuwa lawama ile. Sikuwa na samani nyingine.

Siku ya tatu nikaenda bandarini na kopo kwapani.

Jorunn alinisikiliza hadi mwisho. "Mpumbavu wee," akasema.

"Najua."

"Miaka mitatu na nusu umekaa na hili?"

"Pima."

Aliitazama glovu. "Ikiingia humu haitatoka ilivyo. Unanielewa?"

"Itie, Jorunn."

Aliitundika kwenye ndoano ya mizani, akaishusha kwenye maji ya chumvi yenye baridi ya bahari. Ilielea kidogo, mkaidi. Akaikamua kwa vidole vyake, na mapovu yakapanda, mengi, madogo, kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nilijua kilichokuwa kinatoka mle. Kisha ikatulia, vidole vimelegea.

"Kumi na saba, na kidogo." Akazidisha kwenye karatasi, akarudia. "Mia mbili arobaini, Hilmar. Hakukosea hata gramu moja."

Tukaenda ghorofani pamoja. Aaslund alikuwa amenenepa, ana miwani mbili, moja kichwani. Jorunn akamweleza. Mimi nilikuwa nimeketi, mfuko wa nailoni magotini, glovu ikivuja ndani yake.

"Ripoti imeshasambazwa," akasema. "Tutaweka tanbihi katika toleo lijalo, likiwapo. Na hakuna jina lililotajwa."

"Mpimaji alikuwa mmoja mji mzima, Sigmund. Ungetaja jina ingekuwa nafuu."

Akavua miwani. "Na wewe unatambua ulichokifanya?"

"Natambua. Andika. Hilmar Bendiksen, baharia wa sitaha, alifunga glovu kwenye boya bila ruhusa, Jumanne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi."

Aliandika haraka, na nikaona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Nyuma yake ukutani palikuwa na ramani ya safari ya boya arobaini na saba: mstari mwekundu unaozunguka, unajirudia, unaingia chini ya barafu na kukatika pale mtambo uliponyamaza. Kila nukta ilikuwa na saa yake, mlio umefika lini, hadi sehemu ya sekunde. Bomba la kioo, peke yake, gizani, limebeba glovu isiyolihusu, na bado liliandika kila kilicholifikia na saa kilipofika.

"Mimi nimeshasema saa yangu," nikamwambia. "Sasa zamu yako."

Kalamu yake ikasimama. Jorunn alimtazama. Aaslund aliutazama mfuko wangu, tone lililokuwa linajikusanya kwenye kona yake, likaanguka kwenye zulia, na jingine likaanza. Nikamuuliza tena, kwa sauti ya chini safari hii, swali la chumba cha kulia, swali la barua tatu, lile ambalo nahodha alikwenda na jibu lake kaburini:

"Ule ujumbe ulifika melini saa ngapi?"