Ada ya Gunia

Shimo la mawe liko nyuma tu ya mtaa wetu. Baba alivunja mawe humo mpaka mapafu yakamshinda. Kampuni ilipofunga kazi iling'oa pampu zake, maji yakapanda kimya kimya yakalijaza shimo, na mtaa mzima ukaligeuza jalala. Magodoro, matairi, vyoo vilivyopasuka, kila mtu alikuwa na chake cha kutupa.

Mimi ndiye niliyeanzisha kupiga mbizi humo. Nilijifunza kazini, nikikagua nguzo za daraja chini ya maji, na kazi ilipoisha niliomba mitungi ya hewa waliyotaka kuitupa, nikaipeleka ikapimwa upya. Nilichoka kusikia kwamba mbizi ni starehe ya wageni wa hotelini, eti sisi maji yetu ni ya ndoo.

Ada yangu ilikuwa gunia. Ukitaka kushuka, unapanda na gunia la taka. Watu walicheka, wakanibandika jina la Kambare, kisha wakaja: muuza viatu, mwalimu wa hesabu, dada wa saluni aliyefunga nywele zake kwa mfuko wa nailoni. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, nilimfundisha kabla ya wote ili anisaidie. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga picha na kuzisambaza.

Mama alikuja wa mwisho. Anashona sare za shule, na maji yakimfika magotini anaanza kusali. Lakini alikuwa na jambo lake. Baba alimsimulia miaka yote habari za jiwe pana huko chini, ambapo yeye na wenzake walikaa kula, na ukutani juu yake walichonga majina yao kwa patasi. Mama hakuwahi kuliona, kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kushuka.

"Nataka nikaone alipokuwa anakaa," aliniambia. "Basi."

Nikamfundisha miezi na miezi, kwenye maji ya kiunoni, mkono wangu ukiwa kwenye mkanda wake.

"Acha kunishika kama mtoto."

"Nikikuachia utazama, mama."

"Nilikuzaa mimi."

Wakati huo maji yalikuwa yanatakata. Ukisimama ukingoni uliona mpaka chini, na watu wa mbali walianza kuja kupiga picha. Tulikuwa tunajipalia makaa wenyewe, gunia kwa gunia, na mimi nikitembea kifua mbele.

Jumamosi ambayo mama alipaswa kushuka mpaka kwenye jiwe, tulikuta uzio wa waya na geti. Ndani alisimama shemeji, amevaa shati lenye nembo ya hoteli.

"Shem, nilitaka nikwambie."

"Lini? Ukishavaa shati?"

"Hoteli wamekodishiwa shimo. Lilipokuwa jalala hakuna aliyelitaka, sasa wanalitaka. Mimi nina watoto, shem. Ningekataa wangeleta mtu mwingine."

"Na sisi tuliolisafisha?"

"Mnaweza kuingia kama wageni. Kuna bei." Hakuthubutu kuitaja. Akamgeukia mama. "Ila mama naweza kumwingiza leo. Bosi anataka picha za wenyeji, hasa watu wazima. Yeye peke yake."

Nilisema twende nyumbani. Mama alikuwa ameshaanza kuvua viatu.

"Mama, wanakutumia."

"Najua. Na mimi nawatumia." Akanikabidhi viatu, akapita getini.

Nikabaki nimeng'ang'ania waya. Nilimwona shemeji akimkagulia mtungi kwa mpangilio niliomfundisha mimi, hata ile hatua ya kuvuta hewa akitazama saa inayoonyesha hewa iliyomo mtungini, na nikamchukia zaidi kwa kutokosea. Wakazama. Nikayafuata mapovu yao kwa macho, roho mkononi, mpaka yakatulia juu ya pale lilipo jiwe. Yalikaa hapo muda mrefu.

Mama aliibuka akilia na kucheka kwa pamoja.

"Nimeliona. Jina lake lipo. Nimelipapasa."

Alimshika shemeji mashavu kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, baba. Umenifanyia jambo kubwa." Mimi niliyekunywa maji machafu naye miezi yote ile sikupata hata salamu. Nilitamani, Mungu anisamehe, asingefurahi vile.

Mpiga picha wa hoteli akaja na kamera yake. Mama akajifuta uso, akasimama wima, akatabasamu kama alivyoambiwa.

Walipomaliza akamgeukia shemeji. "Sikukaa vya kutosha. Majina yapo mengi, sijayasoma yote. Wale wengine wana wajane wao hapa hapa mtaani, na wao wangependa kuona. Jumamosi ijayo nije mapema?"

Shemeji aliinama akaanza kufungua mkanda wa mtungi ambao alikuwa ameshaufungua.

Mama alimngoja, maji yakimchuruzika. Kisha akanitazama mimi huku nje ya waya, bado anatabasamu.

"Eti, nije mapema?"