Vibovu Katika Maboksi Mapya

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la stoo, mtunza stoo aliyagusa maboksi moja moja kwa kidole, kama mama anayehesabu watoto waliolala. Alianza na feni, akaja kwenye kompresa, akamalizia na themostati, vile vidude vinavyoiambia friji iwake au ipumzike. Alikuwa amefika themostati ya saba simu ikalia.

"Dada, umenipa nini?" Alikuwa Mrefu, fundi aliyetoka alfajiri kwenda zahanati ya mbali. "Nimefungua boksi, ndani mna themostati iliyoungua mpaka inanuka! Muuguzi ananitazama kama nimekuja kumwibia. Friji ya chanjo inazidi kupata joto, na barafu aliyonayo itafika jioni tu."

"Labda... ngoja niangalie, kaka."

"Angalia haraka. Mkuu nimeshampigia."

Kazini kwao kulikuwa na utaratibu: chukua kizima, urudishe kibovu. Fundi akishafunga kipuri kipya, kile kilichokufa hukirudisha ndani ya boksi lilelile, na mtunza stoo hukitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumshuku alikuwa yeye mwenyewe. Je, alipitiwa siku moja, akapandisha rafuni boksi lililopaswa kwenda pipani?

Aliyashusha maboksi yote ya themostati, akayafungua. Manne yalikuwa na maiti ndani. Ukijumlisha na la Mrefu, matano. Kupitiwa mara moja, sawa. Mara tano, huo ni mkono wa mtu.

Mkuu wa karakana aliingia bila hodi. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha zaidi.

"Saa sita nataka jina," alisema. "Nikilikosa, nitaandika lako. Funguo unashika wewe."

Dirisha lilipofunguliwa, mafundi walijipanga kama kawaida yao, wakiwa na midomo mirefu kuliko foleni.

"Bi Stoo leo umenuna! Mchumba kakimbia?"

Siku nyingine angeinamisha uso na kutabasamu. Leo aliitazama mikono yao. Kila mfuko wa ovaroli aliuona umetuna. Mmoja alikuwa na viatu vipya.

"Viatu umetoa wapi?" alijisikia akiuliza.

"Makubwa! Mke wangu mwenyewe hajaniuliza."

Waliangua kicheko. Naye alicheka kidogo kwa haya, huku macho yakibaki kwenye viatu. Walipoondoka, alijichukia. Watu aliowagawia vipuri mwaka mzima, leo wote walikuwa na sura za wezi.

Alirudi kwenye yale maboksi, akayageuza polepole. Yalikuwa yamefungwa upya kwa utepe, na kwenye kila boksi ncha ya utepe ilikuwa imekunjwa kidogo ili iwe rahisi kubandua. Alimjua mtu anayefunga vitu namna hiyo. Hata pakiti ya sukari pale nyumbani ilifungwa vile.

Baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yake, ndiye aliyemsomesha na ndiye aliyemwombea kazi hii. Alikuwa fundi mkongwe kuliko wote. Na kila Jumatatu aliingia stoo kumsaidia kunyanyua kompresa. "Pumzisha mgongo, mwanangu," humwambia.

Alimkuta uani akifuta kioo cha pikapu. Sanduku la chuma la nyuma lilikuwa na kufuli mbili. Zamani lilikuwa na moja.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba. Mbona umesawijika?"

"Nilikuwa nauliza tu... humo sandukuni mna nini?"

"Vifaa vya kazi. Kwani kuna nini?"

"Na hizo kufuli mbili?"

"Barabara zina wezi."

"Na stoo, je?"

Kitambaa kilisimama juu ya kioo. "Unaniuliza kama nani? Mwanangu, au mtunza stoo?"

Swali hilo lilimchoma.

"Mtunza stoo," alisema kwa sauti ndogo. "Fungua."

Alifungua. Themostati tano mpya zililala humo, kila moja imeviringishwa kwenye kitambaa na kuandikiwa jina la zahanati. Hakuwa ameuza hata moja. Alipata nafuu, kisha hasira ikapanda.

"Mrefu yuko na boksi la kibovu mkononi, Baba mdogo. Chanjo za watoto zinaharibika."

"Haiwezekani. Vibovu niliviweka nyuma kabisa ya rafu, ili hesabu ya maboksi isipungue. Ningerudisha vizima kabla havijafikiwa."

"Kila mwezi maboksi nayapanga upya. Ya nyuma nayaleta mbele ili kipuri kisizeeke."

"Unafanya hivyo?" Alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake. "Sikujua."

"Mpelekee Mrefu moja, sasa hivi. Nyingine nizirudishie. Na saa sita nitaandika jina lako."

"Andika. Ila ujue nilikuwa nakulinda."

"Kunilinda na nini?"

Mzee alimkabidhi nne, akaingia garini, akawasha injini. Alipovuta mlango, mtunza stoo aliushika na kuuzuia. Hakuwahi kumzuilia kitu maishani mwake.

"Baba mdogo. Kunilinda na nini?"

Mzee alizima injini. Mikono yake ilibaki juu ya usukani.

"Sikukuamini," alisema. "Hizo tano zilikuwa akiba ya siku utakayokosea, nizipeleke zahanati kabla Mkuu hajajua. Nilikuombea kazi hii kwa mdomo wangu, halafu kila asubuhi nikatoka hapa nikiwa na uhakika kwamba utaharibu."